Amana Iliyopotea Njiani



Jioni moja, tulipokuwa tukijifunza Amri ya Saba ya Mungu, mzee mmoja miongoni mwenu aliinua mkono, akauliza hivi: "Mwalimu, umetufundisha kwamba anayeiba amekosa, na anayeokota kitu cha mwenzake akakificha amekosa pia. Hayo nimeyaelewa. Lakini tuseme nimekabidhiwa kitu cha mtu nikipeleke mahali, nacho kimepotea njiani. Sikukiiba, wala sikukiuza. Je, nina deni? Na yule mwenye kitu, aufanye nini moyo wake?"

Nilimjibu kwa maneno machache, kisha nikafunga kitabu, kwa maana swali lile lilinichoma. Mzee yule hakujua kwamba jambo hilo hilo lilikuwa limekwisha kunipata, nami nilikuwa nimelitenda vibaya. Leo nataka kumjibu vizuri zaidi, mbele yenu wote. Na ili jibu langu liwe la kweli, yanipasa kuanza na kosa langu mwenyewe.

ROZARI ILIYOSAFIRI

Katika vijiji vyetu vya kandokando ya Lualaba tulikuwa na desturi moja njema. Rozari ya mti mweusi, iliyobarikiwa na Padri, ilitembea nyumba kwa nyumba ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa. Kila nyumba iliikaribisha juma moja. Watu wa nyumba walisali pamoja jioni, na juma likiisha waliipeleka kwa jirani. Siku ya Dominika, baada ya sala, waliotoa na waliopokea walikuja kwangu, nami niliandika katika daftari tarehe, jina la nyumba, na nia ya sala zao. Kwa njia hiyo rozari ilikwenda mbali, ikivuka mto katika mitumbwi ya Wagenya, na ikirudi tena ng'ambo yetu. Kila niliposoma daftari lile nilifurahi kama mtu apokeaye barua. Huku waliomba mvua, kule walimwombea mtoto mwenye homa, na kwingine walishukuru kwa sababu ugomvi wa shamba umekwisha.

Nami siku ya kwanza nilipoitoa nilisema kwa sauti kubwa: "Ole wake atakayeipoteza!" Yashikeni maneno hayo, kwa maana tutayarudia.

Ikafika Dominika moja, hakuja mtu. Na ya pili, hakuja mtu. Jina la mwisho katika daftari lilikuwa la kijana mmoja mkatekumeni, aliyebakiza miezi michache tu kufika ubatizo wake. Nikamwita. Akaniambia: "Mwalimu, mimi nilimkabidhi yule mama mzee anayekaa ng'ambo. Nilimpa mkononi mwake." Nikavuka mto, nikamwuliza yule mama. Akatazama chini, akasema: "Mimi sikuipokea."

Basi nilikuwa na maneno mawili yanayopingana, na sikuwa na shahidi. Ningengoja. Ningenyamaza, nikasali, nikauliza tena kwa upole. Lakini nilipima ukweli kwa mizani ya mvi: yule ni mama mzee, huyu ni kijana, basi mwongo ni kijana. Jioni ile, mbele ya darasa zima, nilisema: "Kati yetu yupo mtu aliyemwibia Bikira Maria." Sikutaja jina, ila macho yangu yalilitaja. Kijana akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Hakurudi katika mafundisho.

Miezi ikapita. Katika Kwaresima yule mama mzee alikuja kwangu, akaketi kizingitini, wala hakutaka kiti. Akaniambia: "Mwalimu, mwanangu, rozari ile imo ndani ya mto." Siku ile aliyovuka, upepo ulikuwa mkali, maji yakaingia katika mtumbwi, na mjukuu wake mdogo akaanza kuteleza. Akamshika mtoto kwa mikono miwili, na mfuko ukaanguka majini. Nikamwuliza: "Mama, kwa nini hukusema? Nani angekulaumu kwa kumwokoa mtoto?" Akajibu: "Siku ya kwanza niliona haya. Ulipokuja kuniuliza, haya ile ilizaa uongo. Baadaye uongo ulikua, ukawa mkubwa kuliko mimi. Lakini nimesikia kwamba kijana yule anaitwa mwizi hata sokoni, nami silali."

Mama huyo amenipa ruhusa niyasimulie haya bila kutaja jina lake. Namshukuru, kwa maana ushujaa wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

MAMBO MATATU YALIYOPOTEA

Tazameni sasa, ndugu zangu, ni vitu vingapi vilivyopotea. Kwanza ilipotea rozari. Pili ilipotea habari ya rozari, yaani ukweli. Tatu lilipotea jina jema la kijana, na pamoja nalo imani ya watu wote wao kwa wao; kwa maana tangu siku ile hakuna aliyetaka kubeba kitu cha mwenzake.

Rozari ilipotea pasipo kosa la mtu. Upepo hauna dhambi. Lakini ukweli ulipotea kwa sababu mtu mmoja aliuficha, na jina jema likapotea kwa sababu mtu mwingine alihukumu upesi. Na huyo mwingine ni mimi.

Hili ndilo fundisho langu la leo, nalo lote limo katika neno moja: kitu kilichopotea pengine hakiwezi kurudishwa, lakini habari yake yaweza kurudishwa siku zote, na anayeizuia habari hiyo huipoteza amana mara ya pili.

Torati ya Musa yafundisha hivyo hivyo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, imeandikwa sheria juu ya mtu aliyekabidhiwa mnyama wa jirani yake amtunze. Kama mnyama yule ameraruliwa na mnyama wa mwitu, mtunzaji halipi. Lakini tazameni: yampasa alete mabaki yake yawe ushahidi. Mungu hakumdai asiye na kosa fedha wala ng'ombe mwingine, alimdai ushahidi. Hakuruhusiwa kukaa nyumbani na kusema moyoni, "Shauri lake, mimi sikuiba." Alipaswa kuondoka na kwenda kwa mwenye mali, akiwa na kipande cha ngozi mkononi, aseme: "Hivi ndivyo ilivyokuwa."

Kwa hiyo mzee aliyeuliza apate jibu lake la kwanza. Kama kitu kimepotea kwa uzembe wako, kwa kuwa ulikiacha ovyo au uliingia kunywa pombe ukakisahau, una deni la kulipa kadiri uwezavyo. Kama kimepotea pasipo kosa lako, huna deni la kitu; lakini deni la habari ungali nalo, wala halikuondoki hata ukae miaka kumi.

HATA KATIKA MCHEZO

Labda mtasema: "Mwalimu anakuza jambo dogo." Basi nitawaambia habari ya mchezo mmoja wa nchi za mbali. Mwaka 2000 huko Marekani watu walianza kuficha makasha madogo porini, penye mawe na chini ya miti, na kuwaambia wengine namba za mahali pale, ili wayatafute kwa chombo kinachoongozwa na satelaiti. Siku hizi mchezo huo umeenea katika nchi nyingi. Tena humo wanacho kitu chenye kibati cha chuma kilichoandikwa namba yake. Mwenyewe anakitia katika kasha na kusema, kwa mfano, kwamba anataka kifike baharini. Anayekikuta anakichukua, anakipeleka katika kasha lingine, na kwa intaneti anaandika namba ile na mahali alipokiacha. Hivyo mwenyewe, akikaa nyumbani kwake, anafuata safari ya kitu chake kutoka nchi hii hadi nchi ile, mikononi mwa watu asiowajua kabisa.

Na vitu hivyo hupotea mara nyingi. Mmoja amekichukua akakisahau mfukoni, mwingine amehama, kasha limechukuliwa na mafuriko, mtoto amekipenda akakifanya chake. Kitu chenyewe hakina thamani kubwa. Lakini mwenye kitu husikitika, kwa sababu hajui. Angeambiwa, "Kimeanguka mtoni," angeguna, akatuma kingine. Kimya ndicho kinachomtesa, kwa maana katika kimya kila mtu anafanana na mwizi.

Kama ni hivyo katika mchezo, si zaidi katika mambo ya maisha? Kuna fedha ya dawa ambayo mtoto aliyeko mjini amempa dereva ampelekee mama yake. Kuna barua ya posa. Kuna cheti cha ubatizo kinachongojwa parokia nyingine ili watu wafunge ndoa. Vitu hivyo vyote husafiri kwa mikono ya watu, na katika nchi yetu yenye barabara mbovu mikono hiyo ni mingi.

KABAMBARE, UJIJI NA NYANGWE

Tena nchi yetu hii yenyewe ina historia kubwa ya vitu vilivyopotea njiani. Mnamsikia Livingstone, msafiri kutoka Scotland. Hakuwa Mkatoliki, lakini alikuwa mtu wa kumcha Mungu. Katika mwaka 1870 na mwanzo wa 1871 alikaa miezi mingi Kabambare, akiugua vidonda vya miguu, akingojea watu na habari kutoka pwani. Tarehe 4 Februari 1871 watu 10 walifika. Katika barua zote alizotazamia, mikononi mwao ilikuwamo moja tu. Yeye mwenyewe aliandika katika kitabu chake kwamba barua 40 hazikuonekana. Fikirini: mtu mgonjwa, miaka mitano mbali na watoto wake, apokee barua moja.

Akaja hapa Nyangwe mwishoni mwa Machi mwaka ule. Kisha akarudi Ujiji, akafika mwezi wa Oktoba, amechoka kabisa, akitumaini kukuta mali aliyoletewa kutoka Unguja: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa mali hiyo, jina lake Sherif, alikuwa ameiuza yote. Alisema kwamba alipiga bao akaona Livingstone amekwisha kufa. Na juu ya hayo alikuja kumpa mkono kama rafiki. Livingstone akajiona kama yule mtu wa Injili aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Kabla ya kuondoka Ujiji kuja Manyema, Livingstone alikuwa ameweka vitu vichache kwa mtu mwingine, Mohamed bin Saleh. Miaka miwili ilipita. Habari ya kifo cha mwenyewe ilivuma. Huyu naye angeweza kusema, "Amekufa, nigawe." Hakufanya hivyo. Aliporudi mwenyewe, amana ilikuwapo, ikamsaidia siku zile za dhiki.

Sherif na Mohamed walikaa mji mmoja, wakafuata dini moja ya Kiislamu, wakasikia uvumi mmoja. Mmoja aliuza, mwingine alitunza. Nawaambia haya ninyi mnaoishi pamoja na jirani Waislamu: msimhukumu mtu kwa dini yake kabla hamjaona matendo yake. Na msidhani kwamba maji ya ubatizo yatawafanya waaminifu bila ninyi wenyewe kutaka. Neema hufanya kazi na mtu anayekubali.

Sasa nataka kusema neno zito. Katika nchi hii hawakupotea vitambaa na barua tu, walipotea watu. Tarehe 15 Julai 1871, hapa sokoni Nyangwe, watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, waliwafyatulia bunduki wanawake na wanaume waliokuja kuuza vyakula. Wengi walikimbilia Lualaba wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Na wangapi wengine, kabla ya siku ile na baada yake, walifungwa wakapelekwa mbali, na mama zao wasisikie tena habari zao mpaka kufa kwao! Nani atawarudisha? Hakuna. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini habari yao haikuzama. Livingstone alikuwapo siku ile, akaona kwa macho yake. Alikuwa amekwisha karatasi, basi aliandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya nchi hii. Habari ile ikasafiri mpaka Ulaya, ikawachoma watu mioyo, ikawa moja ya sababu za mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Wino ule ulififia hata maandishi hayakusomeka. Ndipo mwaka 2011 wataalamu, kwa kupiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi nyingi, waliyafanya yasomeke tena. Wafu wa soko letu hawakurudishwa. Lakini ukweli juu yao ulirudishwa, nao ulitenda kazi ambayo bunduki hazikuweza kuizuia.

Ndiyo maana nasema, msidharau deni la habari.

NAMNA YA KUBEBA AMANA

Tena kuna mfano wa kutuonyesha jinsi ya kubeba. Livingstone alipofariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, wenzake Waafrika walibaki peke yao na mwili wake, vitabu vyake na vyombo vyake. Hakuna mzungu aliyekuwapo kuwasimamia. Wakubwa wao, Chuma na Susi, walifanya nini kwanza? Waliwaita watu wote, wakafungua masanduku mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaandika orodha ya vyote vilivyokuwamo. Kisha wakaufunga mwili, wakautwaa pamoja na karatasi zake, wakatembea zaidi ya kilomita 1,500, wengine wakifa njiani, mpaka wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Orodha ile ni hekima kubwa. Waliiandika ili mtu asiye na kosa asije akashukiwa. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini palipo na maandishi na mashahidi hata asiyekuwapo ana mtetezi. Kama rozari yetu ingetolewa mbele ya shahidi mmoja tu, kijana yule asingaliitwa mwizi.

MOYO WA MWENYE KITU

Bado nusu ya pili ya swali la mzee: mwenye kitu aufanye nini moyo wake? Nami nilikuwa mwenye kitu, basi nasema kama mtu aliyeungua.

Kwanza, asiite wizi kile asichokijua. Katika Amri ya Nane Mungu akataza kumshuhudia jirani uongo, na Kanisa lafundisha kwamba kumdhania mtu ubaya bila sababu ya kutosha ni dhambi pia. Jina jema la mtu ni amana iliyowekwa katika vinywa vyetu. Mimi nililia rozari iliyopotea, na siku ile ile nikapoteza amana iliyo kubwa kuliko rozari. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa.

Pili, asiufanye ukweli kuwa ghali. Kumbukeni maneno yangu ya siku ya kwanza: "Ole wake atakayeipoteza!" Nilidhani nailinda rozari, kumbe naujengea ukweli ukuta. Yule mama aliposimama ufukoni amelowa, amemkumbatia mjukuu, alisikia "ole" yangu masikioni mwake. Anayeweka bei kubwa juu ya ukweli asishangae akiuziwa uongo. Baba wa nyumba, mwalimu, mkubwa wa kazi, kila mmoja wetu ajiulize: je, mtu akinijia na habari mbaya, anatoka kwangu na nini? Baba wa mwana mpotevu hakumwuliza mwanawe hesabu ya mali mlangoni, alimkumbatia kwanza. Kwa hiyo mwana aliweza kutamka maungamo yake.

Tatu, akiachilie kitu, lakini asiiachilie desturi ya kuaminiana. Ningaliifungia rozari katika sanduku la misioni, ingekuwapo mpaka leo, nzima, wala hakuna mtu angalisali nayo. Kitu kinachotumwa chaweza kupotea. Ndiyo bei ya kukituma. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Je, joho lilifika kabla ya baridi? Maandiko hayasemi. Lakini tunajua kwamba Paulo hakuacha kukabidhi. Alimkabidhi Karpo joho, akamkabidhi Timotheo jambo lililo kubwa kuliko joho, yaani imani, akamwagiza ailinde amana hiyo. Na kwa mikono ya watu wa namna hiyo, mmoja akimpa mwingine, imani ile imesafiri hata imefika Nyangwe. Kama wakristo wa kwanza wangaliogopa kupoteza, ninyi leo msingalikuwa wakatekumeni.

NILIVYOFANYA

Mnataka kujua mwisho. Nilimwendea Padri nikaungama, naye akaniambia jambo mnalolijua: aliyeiba mali arudishe mali, na aliyeiba jina jema arudishe jina jema, na arudishe pale pale alipoliiba. Basi nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikasema kwamba nimemsingizia mtu asiye na kosa. Miguu yangu ilitetemeka. Kisha nikaenda nyumbani kwa kijana. Alinipokea kwa adabu, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema tu: "Nimesikia, Mwalimu." Hakurudi katika mafundisho Dominika ile, wala iliyofuata. Sikumlazimisha. Mimi nilikuwa nimemngojesha ukweli miezi mingi. Ilinipasa nami ningoje.

Tukapata rozari nyingine. Niliitoa bila "ole" yoyote. Nilisema: "Ikipotea, njoni mniambie, tutasali pamoja kwa vidole vyetu kumi." Nyumba ya kwanza kuipokea ilikuwa ya yule mama mzee. Na baada ya majuma mengi ikafika zamu ya nyumba ya mama yake yule kijana. Dominika ile, baada ya sala, watu walipokwisha kutawanyika, yeye mwenyewe alikuja mezani kwangu. Akasema: "Andika, Mwalimu. Tumeipokea, tumeisali siku saba, na leo nimeitoa kwa jirani, huyu hapa nimekuja naye." Nikaandika. Akageuza daftari upande wake, akasoma neno kwa neno, kisha akanirudishia.

Dominika iliyofuata alikuwa ameketi katika benchi la mwisho. Yupo hata leo.

MASWALI YA KUJIULIZA JIONI

Je, kuna kitu cha mtu mwingine nyumbani kwangu, nilichokabidhiwa au nilichookota, nami nimekizoea hata nakiita changu? Kesho nikirudishe.

Je, kuna kitu cha mtu kilichopotea mikononi mwangu, naye bado anakingoja? Kesho nimwendee nimwambie. Kama sina cha kulipa, nipeleke walau ukweli.

Je, kuna mtu ninayemshuku bila ushahidi? Leo usiku nimwombee, na kesho nisimtaje vibaya. Kama nimekwisha kumtaja, niende pale nilipomtaja, nimrudishie jina lake.

Je, watu wa nyumba yangu wananiogopa hata wananificha makosa yao? Basi kosa lao moja ni langu nusu.

Ee Mungu, uliyetukabidhi uhai, jirani na imani, utujalie mikono ya kutunza, na kinywa cha kusema kweli pale mikono yetu iliposhindwa. Amina.